Magnamu ya Kuwindia Mbali: Namna ya Kuichagua na Kujijazia Risasi Zake

Mjadala wa magnamu, zile risasi zinazobeba baruti nyingi na kwenda kwa mwendo mkali, hauishi. Mmoja anaapia 7mm Remington Magnum, mwingine hataki kusikia kitu zaidi ya .300 Winchester Magnum, na siku hizi wamekuja wa PRC, risasi mpya za kampuni ya Hornady, nao wana yao. Mimi nashikilia jambo moja: ukishachagua vizuri kile kinachoruka, mnyama hajui tofauti ya magnamu hizo za kati. Anachojua ni pale palipompiga. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwa mnyama na umbali, na ganda pamoja na baruti vinafuata baadaye.

Humu, "risasi" ni kitu kizima kinachoingia kwenye chemba ya bunduki. Kinachoruka nakiita kichwa, kinachobaki ni ganda, na kile kidude cha kuwashia kilicho kitakoni ni fataki.

Hatua ya 1: Ujue umbali wako kabla ya kununua chochote

Eneo la moyo na mapafu la mnyama wa ukubwa wa paa mkubwa au swala wa wastani ni duara la sentimita 20 hivi. Kata duara hilo kwenye karatasi, liweke mita 200, kisha piga ukiwa umelala, umekaa, au umeegemea mkoba, jinsi utakavyopiga porini. Usipige mezani. Mtutu uwe umepoa, upige risasi moja, usubiri, upige nyingine. Zikiingia zote, sogeza hadi 250, halafu 300. Pale ya kwanza itakapotoka nje ya duara, punguza umbali kwa mita 50. Hapo ndipo mwisho wako wa sasa, bila kujali bunduki ina uwezo gani.

Rudia zoezi siku ya upepo. Wengi watakuta mita 400 zimegeuka 250, na hiyo ni habari njema kuipata kwenye karatasi kuliko kwenye mwili wa kiumbe.

Kuna jambo ambalo hakuna magnamu inayoweza kulitatua. Risasi nyingi za kundi hili huchukua karibu sekunde 0.65 hadi 0.7 kufika mita 500. Mnyama anayetembea polepole, mita 1.3 kwa sekunde, katika muda huo amekwenda kama sentimita 90. Umelenga bega, unapiga tumbo. Kwa hiyo mbali hapigwi mnyama anayetembea, wala anayekula huku akisogeza miguu. Anayesimama ametulia, basi. Mwindaji asiyekubali sharti hili namshauri abaki kwenye mita 200, ambako hahitaji magnamu hata kidogo.

Hatua ya 2: Chagua kichwa

Kichwa cha kuwindia kinatakiwa kifanye kazi mbili zinazovutana: kipenye hewa bila kupoteza mwendo, na kikifika kifunguke na kuendelea kuingia. Vile vya kushindania shabaha vinafanya ya kwanza kwa ustadi mkubwa, lakini ya pili havikuundiwa. Vingine hupita kama sindano, vingine hupasukia juu juu kwenye bega. Usiwindie navyo kwa sababu tu karatasi imekupendeza.

Vya kuwindia viko vya aina tatu kuu. Kuna vya kawaida, madini laini ya risasi (ledi) ndani ya koti la shaba: hufunguka upesi, ni vizuri kwa mwendo wa wastani, lakini karibu sana, mita 50 kwa mfano, magnamu inaweza kuvivunja vipande. Kuna vilivyogandishwa, ambapo koti na kiini vimeshikamanishwa visiachane. Hivi ndivyo ninavyovipendekeza kwa mtu mwenye bunduki moja ya kazi zote. Na kuna vya shaba tupu, ambavyo havipungui uzito, hupenya sana, ila vinadai mwendo zaidi ili vifunguke.

Mtengenezaji huandika mwendo wa chini ambao kichwa chake bado kinafunguka. Kwa vingi ni karibu mita 550 kwa sekunde. Namba hii ndiyo inayokupa umbali wa mwisho wa risasi yako, kuliko namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye kisanduku. Chukua .300 Winchester Magnum yenye kichwa cha greni 180 (gramu 11.7) cha umbo zuri, kinachotoka kwa mita 900 kwa sekunde: kwenye mita 600 hivi kimeshakaribia mpaka huo. Ukipiga zaidi ya hapo unatoboa tundu jembamba, na mnyama anakwenda kufia mbali kwa maumivu.

Sasa upepo. Kuna hesabu ya zamani ambayo kila mwindaji wa mbali anapaswa kuiweka kichwani. Gawa umbali kwa mwendo wa kutokea mtutuni. Utapata muda ambao risasi ingetumia kama kusingekuwa na hewa. Toa muda huo kwenye muda halisi wa kuruka. Zidisha tofauti kwa mwendo wa upepo unaokatiza ubavuni. Jibu ndilo mita za kusukumwa pembeni; zidisha kwa 100 upate sentimita.

Kwa mfano wetu: 500 gawa kwa 900 ni sekunde 0.556. Muda halisi tuseme ni 0.68. Tofauti ni 0.124. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ule unaotikisa majani na vijitawi bila kukoma, unakusogeza sentimita 50. Chukua kichwa chembamba kirefu zaidi kinachofika kwa sekunde 0.64, chenye mwendo uleule wa kutokea: inakuwa sentimita 34. Umepunguza sentimita 16 kwa kubadili kichwa tu, bila kuongeza chembe ya baruti. Hii ndiyo sababu magnamu za karibuni zimeundwa kwa ajili ya vichwa virefu.

Lakini kichwa kirefu kinadai mtutu wenye msokoto wa kasi, yaani mifereji ya ndani inayojipinda ili kukizungusha kichwa. Bunduki nyingi za 7mm Remington Magnum zilitoka na msokoto wa mzunguko mmoja kwa inchi 9.5 au karibu na hapo, na .300 Winchester Magnum kwa inchi 10. Hizo zinatuliza vichwa vya uzito wa kawaida. Vile virefu kabisa vinaweza kuyumba hewani na kutua kwenye karatasi kwa ubavu. Tundu lenye umbo la yai kwenye shabaha ndilo dalili. Angalia msokoto wa mtutu wako kabla ya kununua vichwa.

Hatua ya 3: Linganisha magnamu zenyewe

Ukiziweka mezani utaona jambo linaloshangaza wengi: karibu zote zinatoka kwa mwendo mmoja, mita 900 kwa sekunde, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Kinachotofautiana ni uzito wa kinachorushwa, na gharama yake kwenye bega lako na kwenye mtutu.

6.5 PRC, iliyotolewa na Hornady mwaka 2018, hurusha greni 143 (gramu 9.3) kwa mwendo huo. Nguvu yake mtutuni ni kama jouli 3,770. Kwa paa na swala wa wastani inatosha na kubaki, na ndiyo iliyo rahisi kupiga vizuri kuliko zote hizi.

7mm Remington Magnum ilianza 1962, pamoja na bunduki ya Remington Model 700. Greni 160 (gramu 10.4), jouli 4,200. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uwiano bora wa upepo, nguvu na teke, yaani ule msukumo wa bunduki kurudi begani. 7mm PRC ya mwaka 2022 inafanya kazi ileile kwa vichwa virefu vya greni 175, na msokoto wake wa inchi 8 umewekwa tangu mwanzo. Mwenye ile ya zamani inayopiga vizuri sioni sababu ya kuiuza. Anayenunua leo kwa mara ya kwanza, achukue mpya.

.300 Winchester Magnum, ya 1963, ndiyo iliyoenea kuliko zote. Greni 180 (gramu 11.7), jouli 4,720. Faida yake kubwa ni kupatikana: maganda, vichwa na vitabu vya vipimo vyake viko tele. Kasoro yake ni shingo (sehemu ya ganda inayoshika kichwa) fupi ya milimita 6.7 na urefu wa risasi usiopaswa kuzidi milimita 84.8, hivyo kichwa kirefu inabidi kizame ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. .300 PRC imerekebisha hilo. Hubeba greni 212 kwa mita 870 hivi kwa sekunde, jouli zaidi ya 5,200.

.338 Lapua Magnum ilizaliwa kwa kazi ya kijeshi miaka ya 1980. Greni 250 (gramu 16.2), jouli 6,560. Ni risasi ya ajabu, na kwa mwindaji wa kawaida sipendekezi. Bunduki yake huwa nzito, baruti inakwenda nyingi, na mtu hafanyi mazoezi ya kutosha kwa sababu kila risasi ina gharama.

.375 H&H Magnum ya mwaka 1912, kutoka Holland & Holland wa London, si ya mbali, lakini ni babu wa nusu ya ukoo huu. Ganda lake lina bega (pale ganda linapoanza kusinyaa kuelekea shingoni) la mteremko mrefu lisiloweza kusimamisha risasi kwa uhakika mahali pake chembani, ndipo wakaweka mkanda wa shaba, sehemu ya ganda lenyewe, kuzunguka kitako. 7mm Remington na .300 Winchester zilirithi mkanda huo ingawa mabega yao yangeweza kufanya kazi hiyo. Kumbuka mkanda huu. Tutaurudia tukifika kwenye ujazaji, maana ndiko unakoleta shida.

Hatua ya 4: Pima teke kwa haki

Kwa bunduki ya kilo 4, 6.5 PRC inarudisha nguvu ya karibu jouli 21 begani. 7mm Remington Magnum kama 27, .300 Winchester Magnum 34, na .338 Lapua Magnum kwenye uzito huohuo 60. Namba hizi ni za makadirio na hubadilika kwa kiasi cha baruti, lakini mpangilio wake haubadiliki.

Dalili ya teke lililokuzidi haianzi na maumivu, huanza na jicho. Mwombe mwenzako akuwekee risasi kwenye bunduki bila wewe kuona, na mara nyingine aache chemba tupu au aweke risasi ya bandia. Chemba ikiwa tupu na mtutu ukashuka, au jicho likafumba kabla kifyatulio hakijakatika, umeshajifunza kuogopa. Shuka kwenye risasi ndogo ufundishe mwili upya. Kizuizi cha teke kinachofungwa mdomoni mwa mtutu husaidia sana, ila kelele yake inaumiza masikio ya kila aliye karibu, na porini vaa kinga hata kwa risasi moja.

Hatua ya 5: Kujijazia risasi

Kwanza sheria. Katika nchi nyingi bunduki, baruti na fataki vinahitaji vibali, na mahali pengine kujijazia hakuruhusiwi. Uliza mamlaka husika kabla ya kununua hata ganda moja.

Pili, ujue unachokitafuta. Anayejaza ili kupata mwendo mkubwa kuliko wa kiwandani anatafuta ajali. Sababu nzuri ya kujaza ni usawa: risasi ya leo iwe sawa na ya jana. Fikiria tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi na risasi. Kwenye mita 300 inakugharimu chini ya sentimita 2 za juu na chini. Kwenye 500 ni sentimita 4 hadi 5. Hiyo ndiyo faida ya ujazaji makini kwa namba, na ukiilinganisha na zile sentimita 50 za upepo utaelewa kwa nini nasema mazoezi ya kusoma upepo yatangulie.

Sitaandika hapa kiasi chochote cha baruti. Kinatoka kwenye kitabu cha vipimo cha sasa cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, na kwingine popote pasitumike, hata kwa rafiki unayemwamini. Mtutu wake si wako. Pia soma jina la baruti mara mbili: H4350 na IMR 4350, H4831 na IMR 4831, ni baruti tofauti zenye vipimo tofauti japo namba zinafanana.

Meza iwe safi, na juu yake pawe na kopo moja tu la baruti. Simu mbali, televisheni imezimwa, hakuna kuvuta sigara wala kula. Nawa mikono ukimaliza, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu.

Anza kwa kukagua maganda, na hapa ndipo mkanda unapotudai. Chemba nyingi za magnamu zenye mkanda huchongwa zikiwa na nafasi ya ziada mbele, kwa sababu kiwanda kinategemea mkanda kushika risasi. Ikilipuka mara ya kwanza, bega la ganda husogea mbele kujaza nafasi hiyo, na shaba inavutwa kutoka kitakoni. Ukilirudisha bega nyuma kabisa kila unapojaza, shaba inavutwa tena na tena, mpaka ganda linakatika juu kidogo ya mkanda.

Chukua waya mwembamba mgumu, ukunje ncha yake iwe kama ndoano ndogo, uinoe kidogo. Ingiza ndani ya ganda hadi chini, kisha ivute juu taratibu ikiwa inakwaruza ukuta. Ganda zima linateleza. Ganda lililochoka lina mfereji: ncha inakwama, unasikia kwenye vidole kama kuvuka ukingo. Wakati mwingine kwa nje utaona pete inayong'aa hapohapo juu ya mkanda. Ganda la namna hiyo liponde kwa koleo ulitupe, lisije likarudi kwenye kisanduku.

Dawa yake ni kupima. Kwa kalipa (rula ya kubana) na kipimo cha bega, chukua urefu wa kitako hadi begani wa ganda lililopigwa kwenye bunduki yako. Rekebisha kifaa cha kurudishia umbo kwenye presi (mashine ya mezani ya kujazia) ili bega lisogee nyuma milimita 0.05 hivi tu, kiasi cha bolti, ile komeo ya chuma inayofunga chemba, kufunga bila kushindiliwa. Sasa ganda linashikwa na bega, mkanda umebaki pambo, na maganda yanadumu zaidi kwa mbali.

Kisha kata shingo zilizorefuka zifike kipimo cha kitabuni, lainisha mdomo, safisha tundu la fataki, na weka fataki aina ileile iliyotajwa kwenye kitabu. Magnamu hubeba baruti nyingi inayoungua polepole, na mara nyingi kitabu kitataja fataki kali zaidi. Usibadilishe aina kisha ukaendelea na kiasi kilekile cha baruti; anza upya kutoka chini.

Pima baruti kwa mizani uliyoihakiki kwa uzito wa majaribio. Maganda yakiwa yamesimama kwenye kibao chake, mulika tochi ndani ya kila moja kabla ya kuweka kichwa. Usawa wa baruti uonekane uleule kote. Lililo juu au chini kuliko wenzake limwage upime tena.

Weka kichwa kwa urefu unaoingia kwenye magazini (kisanduku cha risasi cha bunduki) na usiogusa mifereji ya msokoto mtutuni. Kichwa kinachogusa mifereji hiyo kikiwa bado hakijaondoka hupandisha shinikizo.

Anza na kiasi cha chini cha kitabuni. Panda kwa hatua ndogo, ukijaza risasi chache kwa kila hatua, na ukague kila ganda linapotoka. Bolti inayonyanyuka kwa shida, alama inayong'aa kwenye kitako, fataki iliyobapa au iliyochimbika, tundu la fataki lililolegea: mojawapo ikitokea, simama hapo na urudi chini, hata kama kitabu kinasema bado kuna nafasi. Mwendo unaozidi ule wa kitabuni nao ni dalili ya shinikizo, si zawadi. Viwango vya Ulaya vinaruhusu .300 Winchester Magnum kufika shinikizo la bar 4,300, na yote hayo yanazuiwa na bolti iliyo sentimita chache kutoka kwenye jicho lako. Risasi ulizozijaribu siku ya baridi zijaribu tena siku ya joto kabla ya kuziamini, kwa kuwa baruti nyingi huchangamka joto likipanda. Na usishuke chini ya kiwango cha chini ukidhani unajilinda. Baruti inayoungua polepole ikiwa kidogo mno ndani ya ganda kubwa inaweza kuwaka kwa namna isiyotabirika.

Andika kila kitu kwenye lebo ya kisanduku: ganda, fataki, baruti na kiasi chake, kichwa, urefu, tarehe. Kisanduku kisicho na lebo hakipigwi.

Hatua ya 6: Thibitisha kwenye umbali wenyewe

Kundi la risasi tatu linadanganya. Piga tano, mara kadhaa, siku tofauti, ukiacha mtutu upoe katikati. Mitutu ya magnamu huchakaa upesi, na kuna inayoanza kupoteza shabaha ikikaribia risasi 1,000. Mtutu unaounguza mkono unaliwa haraka zaidi.

Pima mwendo kwa kronografu, ingiza namba kwenye programu ya kukokotoa mshuko wa kichwa na upepo, kisha nenda ukapige kweli kwenye mita 300, 400 na 500. Programu ikisema hivi na karatasi ikasema vile, karatasi ndiyo inayofuatwa. Rekebisha namba mpaka zikubaliane, halafu andika jedwali fupi la mishuko na upepo ulibandike kwenye kitako cha bunduki, maana betri ya simu huisha.

Hatua ya 7: Porini

Pima umbali kwa kipima-umbali, usikadirie. Soma upepo sehemu tatu: ulipo wewe, katikati ya njia, na alipo mnyama. Ukiona nyasi za kwake zinalala upande mwingine na za kwako, sogea karibu au acha.

Kabla ya kupiga, chagua alama isiyohama pale alipo: jiwe, kichuguu, mti uliopinda. Ukishapiga, badilisha risasi hapohapo na ubaki kwenye darubini hata kama ameanguka. Usikimbilie kuinuka. Mahali palipoonekana wazi kutoka mita 400 hupotea kabisa ukifika, na damu huenda ikawa matone machache. Mwachie mwenzako alama aiangalie kwa darubini akuelekeze kwa mkono huku ukitembea. Ukiwa peke yako, acha kofia au kitambaa ulipopigia ili upate mstari wa kurudia. Fika kwenye alama kwanza, tafuta nywele, damu na nyayo zilizochimba udongo, na ufuate mpaka upate jibu, hata kama ulihisi umekosa.